Kranberi za Alhamisi

Ummukulthum Miraji hakuwa mtu wa kuonja. Tangu yu kigori kwao Wete, Pemba, akisaidia jikoni kwa mama yake mwezi wa Ramadhani, alifunzwa kwamba mpishi wa kweli hahitaji ulimi. Chumvi hujulikana kwa harufu ya mvuke. Tui hujulikana linavyoachia mafuta pembeni mwa sufuria. Shira ya kaimati ukiichota kwa mwiko ukaiinua, ikashuka uzi mmoja usiokatika, basi sukari imetosha na moto uzimwe. Mwezi mzima watu walifuturu kwa mkono wake, na haikutokea siku hata moja mtu akasema leo chumvi imezidi. Sifa hiyo alikuja nayo London mwaka 2001, yeye na mumewe Mansour, walipokimbia baada ya machafuko ya Januari. Hati ya kuzaliwa ilimpotea njiani, lakini sifa hakuipoteza.

Na London nayo ikamzidishia tabia. Kazi aliyoipata ilikuwa ya msaidizi wa jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee kule Queensbury. Humo mlikuwa na nyama isiyochinjwa kwa bismillahi, soseji za nguruwe, na michuzi iliyotiwa mvinyo. Miaka kumi na moja alimenya, akakata, akakoroga, wala hakutia tone kinywani. Wapishi wakuu watatu walikuja wakaondoka, na kila mmoja alipoondoka Kulthum aliomba nafasi yake. Kila mara jibu lilikuwa lile lile, tena kwa tabasamu: bado kidogo.

Bado kwa sababu gani, hapo hakupatikana wa kumwambia. Chakula chake walikisifu. Wazee wakikutana naye ukumbini humwambia "lovely, dear", na jamaa zao wanaokuja kuwatazama humwambia "lovely". Kwa asiyeishi na Waingereza, neno hilo maana yake ni kwamba kitu ni kizuri, kimependeza, ahsante. Mtu anayeambiwa kila siku kwamba mapishi yake yanapendeza, kisha anaambiwa bado, ana haki ya kupandwa na hasira. Na Kulthum zilimpanda, ila alizimeza, maana hakujua amtapikie nani.

Basi mwezi wa Novemba mpishi mkuu, Thadei, Mhaya wa Bukoba, akahamia Birmingham. Meneja akamwita Kulthum ofisini. Meneja mwenyewe ni Lydia, Mkenya wa Nakuru, muuguzi wa zamani, mwanamke wa miaka arubaini hivi, mpole hata akikufukuza kazi utamshukuru.

"Mama Kulthum, kaa chini," alisema Lydia. "Hii Christmas lunch nataka uifanye wewe. Yote. Ikienda poa, siku hiyo hiyo naandika head office wakupatie kazi ya chef. Wanataka jina kabla ya tarehe tano January."

"Na ikienda vibaya?"

"Itaendaje vibaya na ni wewe unapika?" Lydia akacheka, kisha akatazama karatasi iliyokuwa mezani. "Kitu moja tu. Last year tulitoa cranberry sauce ya chupa, na yule binti ya mzee wa room nine akaandika complaint page mbili. Page mbili, Mama! Kwa sauce! Sasa this year iwe fresh. Upike mwenyewe kutoka kwa matunda."

Kulthum aliitikia kabla hajajua kranberi ni mdudu gani. Sosi yake alikuwa ameiona miaka yote, nyekundu, inang'aa, inatikisika kwenye kibakuli kando ya bata mzinga. Tunda lenyewe hakupata kuliona. Lakini tunda ni tunda. Mtu aliyepika jamu ya mabungo na achari ya mbirimbi atashindwa na kitunda cha Wazungu?

Adha ilianza Jumanne, siku mbili kabla ya sikukuu. Gari la mizigo lilileta bata mzinga wanne, viazi magunia mawili, na zile kabichi ndogondogo zinazonuka. Mahali pa kranberi pakaja mifuko mitatu ya kranberi kavu, zimekunjamana kama zabibu za biriani. Kulthum akamrudishia dereva.

"Hizi sizo."

Dereva akamwonyesha karatasi. Imeandikwa kwamba bidhaa ikikosekana italetwa iliyo karibu nayo. Kulthum akamuuliza: nikikuagiza samaki ukakosa, utaniletea papa mkavu? Dereva hakuelewa, akasema "Happy Christmas", akaondoka.

Jioni ile alirudi kwake Hayes na mguu unamuuma. Goti lake la kulia lilipasuliwa mwezi wa Ramadhani uliopita, na kwa ajili hiyo alikula siku kumi na nne. Sasa alikuwa akizilipa. Waswahili wa London wana hila yao moja: saumu za kulipa huziweka mpaka Desemba, wakati jua linazama saa kumi kasoro, hata njaa yenyewe haijapata nafasi ya kukuuma. Kulthum alizipanga zake Jumatatu na Alhamisi, ili apate na thawabu ya sunna juu yake. Sikukuu ya mwaka huu iliangukia Alhamisi.

Mansour, ambaye hufanya kazi ya ghala karibu na uwanja wa ndege na ana mazoea ya kupanga vitu mapema, aliliona jambo hilo kabla yake.

"Mama Sundus, kesho Jumatano. Funga kesho, Alhamisi ule."

"Kwani Alhamisi imekosa nini?"

"Utapika kitu hujapata kukiona maishani mwako, na hutakionja."

"Lini uliniona naonja?"

"Hata sharia imekupa nafasi. Mpishi anaonja kwa ncha ya ulimi, anatema."

"Nafasi hiyo wamepewa wasiojua kupika," alisema Kulthum, akajifunga leso kiunoni.

Mansour akacheka peke yake. "Mgema akisifiwa..."

"Nyumba hii haina mgema wala tembo. Nikandie goti."

Jumatano aliimaliza kwa miguu. Duka la kwanza kubwa, rafu ya kranberi ilikuwapo, na kibandiko cha jina kilikuwapo, na chini ya kibandiko hapakuwa na kitu. Duka la pili kijana alimwambia zimekwisha tangu jana. La tatu alionyeshwa maji yake ndani ya katoni, kisha vidonge vyake kwa watu wenye maradhi ya kibofu. Akaingia kwa Wahindi wa Queensbury, kwenye mboga, ambako mtu hupata bamia, mihogo, hata majani ya mchicha mwezi wa baridi. Mwenye duka akamwambia "Auntie, nobody buys," yaani hapana anayenunua. Kulthum akasimama katikati ya malimau na maembe ya Pakistani akahisi machozi ya hasira. Sifa ya miaka arubaini ilikuwa inakwenda kuvunjwa na tunda ambalo wenye sikukuu yao hawakuliweka la kutosha!

Aliyemwokoa ni Sundus, binti yake, mfamasia wa Woolwich. Sundus amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote lakini kujibu huchanganya na Kiingereza. Alipata pakiti sita za mwisho kwenye duka la karibu na kazini, akapanda treni kutoka mwisho ule wa London mpaka mwisho huu, akazimwaga mezani.

Kulthum akazitazama. Vitunda vidogo, vigumu, vyekundu kwa wekundu wa rangi ya kucha. Akakibinya kimoja kikakataa kubinyika. Akakinusa, hakikunuka kitu.

"Mama, just follow the packet," alisema Sundus. "Gramu mia mbili za sukari kwa kila pakiti. It's written here."

"Mimi nisomewe sukari na pakiti?"

"Then taste one. Now. You're not even fasting today."

Hapo, msomaji, ndipo palipokuwa na mlango, tena wazi, kwani Jumatano ile hakuwa amefunga. London imezamisha watu kwa vitu vidogo kuliko hivi. Kulthum angekitia kitunda kimoja kinywani mambo yangekwisha palepale jikoni Hayes. Lakini alikuwa ameshinda siku nzima akiambiwa hapana na watoto wa madukani, na huyu naye, aliyemnyonyesha, anamfundisha kupika.

"Nipe hizo," akasema, akazifungia kwenye friji. Angeweza hata kuzipika usiku ule akazimaliza, ila sheria ya kazini inakataza chakula cha nyumbani kuingia kwa wazee. Lazima kipikwe palepale, asubuhi yake.

Alhamisi alikula daku, akaswali, na Mansour akamwendesha mpaka Queensbury, kwani siku hiyo London haina basi wala treni. Barabara tupu. Saa moja na nusu asubuhi alikwisha washa majiko yote.

Na niseme kweli, alipika. Mwenye wivu na aseme lake, lakini bata mzinga wale waliiva ngozi ikawa rangi ya asali, viazi vikatoka vinalia vikiguswa, na zile kabichi mbovu akazikaanga na jira kidogo zikasahau harufu yao. Mchuzi wa nyama, kama kawaida, hakuugusa kwa ulimi. Saa tano na nusu akaweka sufuria ya kranberi: pakiti nne, maji kikombe, maganda ya chungwa. Mbili akaziacha za akiba.

Zilikataa kuzama. Alizisukuma kwa mwiko zikapanda, akazisukuma tena zikapanda. Kisha zikaanza kupasuka, pa, pa, pa, na kumrushia matone mekundu kwenye aproni nyeupe aliyoipiga pasi kwa makusudi. Kulthum akazitukana kwa Kipemba, akafunika kifuniko. Alipofunua, aliinama juu ya mvuke kama afanyavyo siku zote, akavuta pumzi.

Mvuke haukumwambia kitu.

Hilo halijapata kumtokea. Chungu cha mchuzi husema, chungu cha wali husema, hata uji husema. Hiki kilikuwa kimya. Kilinuka chungwa, basi. Akaona bila ya shaka ni baridi imemziba pua. Akatia sukari kwa kiganja, kidogo kidogo, huku akiinua mwiko kila mara kutazama. Na tazama ajabu: hata mfuko haujafika robo, sosi ikashika! Ikawa nzito, inang'aa, inashuka kutoka kwenye mwiko taratibu bila kukatika, shira hasa, shira ambayo mama yake angeipigia vigelegele. Tena nusu ya wazee wana kisukari, kwa hiyo sukari kidogo ni rehema kwao. Akazima moto. Akaimimina kwenye vibakuli vinane vya kioo, akapamba juu kwa uzi wa ganda la chungwa.

Kitu ambacho hakukijua, na nani angemwambia, ni kwamba kranberi hushikana zenyewe. Zina gundi yao ya asili. Utazipika hata bila sukari, zitakushukia kwenye mwiko vilevile. Alama yake ya miaka arubaini ilimdanganya waziwazi, mchana kweupe.

Saa sita Lydia aliingia jikoni amevaa taji la karatasi. Akaonja mchuzi, akafumba macho. Akaonja kiazi, akachukua na cha pili.

"Mama, hii ni moto sana. Na ile?" akaonyesha vibakuli.

"Ile iache, nimekwisha ipamba."

"Kijiko moja tu."

"Lydia, ile matunda na sukari. Hapana cha kuonja pale."

Lydia akainua mikono akatoka. Tazama mwanamke anavyojichimbia shimo.

Saa saba chakula kikatoka. Wazee thelathini na wawili, na jamaa zao, wote na mataji ya karatasi vichwani, wakavuta wawili wawili zile bomba za karatasi za sikukuu zinazolia pwaa, wakaanza kula. Kulthum alichungulia kwenye kidirisha cha jikoni. Mzee wa chumba namba tisa alikuwa amekaa na binti yake, yule wa kurasa mbili. Binti akachota sosi, akaitia kinywani pamoja na nyama. Shavu lake moja likacheza. Akanywa maji. Kisha akaona Kulthum anatazama, akamwinulia kidole gumba na kutamka bila sauti: lovely.

Moyo wa Kulthum ukapoa. Kurasa mbili za mwaka jana, mwaka huu kidole gumba.

Aliyeharibu utulivu ule ni Bibi Tejal. Huyu ni Mhindi wa Tanga, mwenye miaka themanini na minne. Aliiacha Tanga mwaka 1971 lakini Kiswahili cha sokoni hakikumwacha. Nyama hali. Alikuwa amewekewa viazi, kabichi na kibakuli cha sosi, na sauti yake ikapasua ukumbi mzima.

"Kulthum! Wewe Kulthum! Njoo hapa!"

Akaja anajifuta mikono.

"Hii achari gani nimepewa? Haina pilipili, haina chumvi!"

"Bibi, hii si achari. Hii ni sosi tamu ya sikukuu."

"Tamu?" Bibi Tejal akamtazama kwa huruma. "Mtoto, hii kali, mbirimbi mama yake. Leta chumvi. Leta pilipili ya unga. Na bizari kama iko."

Kulthum alimletea, midomo kaibana. Mzee wa miaka themanini na minne, ulimi ushachakaa, ataujulia wapi utamu? Bibi Tejal akakoroga pilipili na chumvi kwenye kibakuli, akala na viazi mpaka akafuta ukingo kwa kidole. Kibakuli chake ndicho pekee kilichorudi jikoni kitupu.

Maana sahani zilirudi. Nyama hapana. Viazi hapana. Kabichi hapana. Na pembeni mwa kila sahani, kijilima chekundu, kimeguswa mara moja na kuachwa. Kulthum akazitazama zinavyopita kwenda kuoshwa. Labda wameshiba, akajiambia. Labda Waingereza ndivyo wanavyoila, kidogo tu, kwa ajili ya rangi. Mhudumu mmoja alipopita, Kulthum akamwuliza, "Sosi vipi?" Naye akajibu haraka, bila kumtazama machoni: "Lovely!"

Saa kumi kasoro dakika tano simu yake iliadhini mfukoni. Jikoni palikuwa pamesafishwa, taa za nje zimewaka, mvua nyembamba inanyesha. Kulthum akakaa juu ya kreti la plastiki, akafungua kwa tende na maji. Mbele yake palikuwa na kibakuli kimoja kilichobaki. Akasema bismillahi, akachota kijiko kizima.

Kwanza taya zilimkamata. Kisha ikaja chachu iliyompanda mpaka masikioni, na nyuma ya chachu uchungu, uchungu mkavu wa ganda la mti, uliokaa kwenye ulimi ukakataa kuondoka. Machozi yakamtoka. Akameza kwa sababu ni mtu wa adabu, akanywa maji, na uchungu bado upo.

Aliona haya kiasi cha kutaka sakafu ipasuke. Wazee thelathini na wawili! Na jamaa zao! Na yeye amesimama kwenye kidirisha anatabasamu kama bibi harusi! Kisha haya ikageuka hasira, na hasira ikamrudia mwenyewe, kwa sababu hapo hapo likamjia jambo lililomuuma kuliko yote. Katika meza ile nzima, na bata wake na mchuzi wake na soseji zake, kitu kimoja tu kilikuwa kigeni kwake na halali kwa ulimi wake. Matunda, maji na sukari. Miaka kumi na moja jikoni humu, chakula kimoja kigeni ambacho angeweza kukionja bila dhambi, lau si kiburi chake cha Alhamisi. Na hicho ndicho alichokiharibu.

Lydia akaingia amevaa koti, mkoba begani.

"Mama Kulthum, umetuheshimisha leo. Everything was lovely."

"Na sosi?"

"Sauce pia. Lovely."

Kulthum akasimama. Goti likamchoma. Akachota kijiko kingine, akamnyooshea.

"Kula."

"Mama, nimeshiba kabisa, I promise..."

"Kula, mwanangu."

Lydia akala. Uso wake ukajikunja, akaukunjua kwa nguvu, akakohoa. "It's... ni tofauti kidogo. Iko fine."

"Lydia. Niangalie. Mie nimeionja sasa hivi. Niambie ilivyo."

Mashine ya vyombo ikaguruma na kunyamaza. Lydia akaweka mkoba chini.

"Ni chungu, Mama. Ni kali, haiendi. Hakuna mtu alimaliza, isipokuwa Bibi Tejal."

"Kwa nini ulisema nzuri?"

"Sikutaka kukuvunja moyo. Umeshinda hapa tangu asubuhi, umefunga."

"Yule binti wa chumba cha tisa alinionyesha gumba!"

"Yeye pia hakutaka kukuvunja moyo."

Kulthum akacheka, kicheko kisicho na furaha. "Basi niambie na hili. Keki ya ndimu ya Jumapili, mnayoisifu. Supu ya dengu. Uji wa asubuhi. Miaka kumi na moja mnaniambia nzuri, nzuri. Zipi zilikuwa nzuri?"

"Zote, Mama! Nakuapia."

"Nitakuaminije, na dakika moja iliyopita hii ilikuwa lovely?"

Lydia akafungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja.

"Ndiyo mkaniambia bado," Kulthum akasema polepole. "Kila mara bado. Kumbe mlikuwa na sababu, na mmeificha."

Lydia akajiegemeza kwenye meza ya chuma. "Sawa. Nikwambie? Wanasema head office, chef ambaye haonji ni risk. Thadei aliandika kwa handover, ile karatasi ya kuachia kazi: anapika vizuri kuliko mimi, lakini haonji, na hataki mtu amwonjee. Nilijua ni mambo ya dini, nikaogopa hata kukuuliza. Leo saa sita nilitaka kuonja, ukanikataza."

Kulthum akatazama kibakuli. Dini haikumkataza kuwa na mtu wa kumwonjea. Dini haikumkataza kranberi.

"Barua?" akauliza.

"Leo siwezi kuandika, Mama. Sitakudanganya tena. Kuna mtu mwingine ameomba. Lakini tuko na New Year lunch tarehe moja, na jamaa watakuja wale wale. Upike tena. Nitakuonjea nyama, wewe uonje yako. Kama itaenda, naandika."

"Tarehe mosi ni siku gani?"

Lydia akatazama simu. "Thursday."

Kulthum akafunga kibakuli kwa karatasi ya nailoni, akazitoa zile pakiti mbili za akiba akazitia kwenye friza. Kisha akainama kwenye pipa la takataka, akaokota ganda la pakiti aliyoitupa asubuhi, akalipangusa, akalikunja na kulitia kwenye mkoba wake. Gramu mia mbili kwa kila pakiti. Imeandikwa pale pale, kwa herufi kubwa, na picha ya kijiko.

Nje Mansour alikuwa akimngoja garini, kioo kimepata ukungu. Akakifuta kwa kitambaa. Miaka thelathini na minne ya ndoa imemfunza kwamba mwanamke anayefunga mlango wa gari polepole ni wa kuachwa. Kulthum akaweka kibakuli mapajani, akakifunua, akatoa kijiko mkobani.

"Onja. Na ukiniambia nzuri, nashuka, nakwenda kwa miguu mpaka Hayes."

Mansour akaitia kinywani. Macho yakamtoka. Akafungua mlango, akatema barabarani, akafuta ulimi kwa mkono wa shati.

"La ilaha illa Llah! Mwanamke, umewalisha watu hii?"

"Thelathini na wawili. Na jamaa zao."

"Na wakasema nini?"

"Wakasema nzuri."

Mansour akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Kulthum alihisi kifua kimemlegea, kwani huyu walau alikuwa ametema. Gari likaondoka kwenye mvua. Walikuwa wamekwisha ipita stesheni ya Queensbury, geti lake limefungwa, alipozungumza tena.

"Wiki ijayo nitafunga Jumatano," alisema.